Maili Ishirini na Saba Bila Kitanda

Jumanne, 2 Aprili

Mji wa Tuckett, hosteli ya Bwana Stamper. Nimepewa kitanda cha juu. Futi tano kutoka sakafuni! Nimejifunga kwenye nguzo kwa mkanda wa suruali. Nikianguka, naanguka na kitanda.

Siku ya kumi na tisa tangu nianze Njia, ile ya miguu ipitayo milimani. Maili mia mbili na kumi kutoka Georgia. Bado maili elfu mbili kasoro kidogo hadi Maine. Huku kila mtu hupewa jina la njiani, na mimi wamenibandika Ratiba. Nadhani ni la heshima.

Siri ninayoiandika hapa tu: sijalala nje hata siku moja. Shanta langu halina hema. Kila jioni nashuka mlimani hadi barabarani, gari la hosteli linanichukua, asubuhi linanirudisha palepale. Yote niliyapanga nyumbani, kitanda kwa kitanda. Huko nje kuna dubu. Kuna radi. Kuna miti iliyooza inayosubiri mtu alale chini yake. Miaka ishirini na sita nimepanga safari za mabasi ya shule mjini Dayton, Ohio, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelala nje. Sioni kwa nini nianze mimi, na umri huu wa miaka hamsini na saba.

Kwa nini basi nimekuja? Waliniuliza siku ya kuniaga kazini nitafanya nini na ustaafu wangu. Nikausikia mdomo wangu ukisema nitatembea Njia yote. Wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonileta huku.

Kitanda cha chini, nilichokiwekea alama kwenye mchoro wa chumba tangu Januari, kimechukuliwa na Bi Orpha Kittle. Miaka sabini, wa West Virginia, alikuwa mpishi wa shule. Hana ratiba. Hana boksi hata moja la chakula linalomngoja posta. Anatembea, akichoka anasimamisha hema, akiona hosteli anaingia. Na kila hosteli ninayofika namkuta yeye! Hii mara ya tatu. Mara ya pili alichukua kitanda cha mwisho, mimi nikalala chumba cha kufulia, kichwa kwenye mashine.

Nilimweleza kwa upole kwamba kitanda kile ni changu kwa mpango. Akaniuliza kama kitanda chenyewe nilikipa nakala ya huo mpango. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Jumatano, 3 Aprili

Posta! Siku niliyoingojea.

Nieleze mfumo wangu, maana siku moja utafundishwa. Yako maboksi thelathini na moja kwenye gereji ya dada yangu Verna. Nilijaza mwenyewe, nikafunga, nikaandika namba. Kila boksi lina chakula cha siku zake na vitu vya majira yake. Verna kazi yake ni kuangalia kalenda na kupeleka posta. Mtoto wa chekechea angeweza.

Karani akanipa boksi. Zito. Nikalifungua palepale kaunta.

Dawa ya mbu, chupa nne. Kofia ya jua. Mafuta ya jua. Kaptula mbili. Boksi namba kumi na nne! La Virginia, mwezi wa Juni! Nje kulikuwa na barafu kwenye vioo vya magari.

Nikampigia Verna. Nilimwambia kwa utulivu kwamba ameniua. Akaniambia, mdogo wangu, namba nne uliiandika kwa mkono wako, na kando yake ukachora kimstari, na mtu yeyote mwenye macho angesoma kumi na nne. Nikamwambia kimstari kile kilikuwa alama ya kuonyesha upande wa juu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Namba nne ilikuwa na uji wa shayiri wa siku tano, soksi za sufu na glavu nzito. Sasa sina. Nimekula tambi kavu.

Jambo jingine. Sebuleni kwa Stamper kuna kapu ambamo wapitaji huacha vitu wasivyovitaka, na mwenye shida huchukua. Jana niliacha mle pakiti ishirini za uji wangu kwa sababu ya uzito. Leo Bi Orpha alikuwa anaupika, na siagi ya karanga juu. Akasema Mungu ambariki mjinga aliyeacha chakula kizuri hivi.

Nilirudi kwenye tambi zangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijalala vizuri. Ramani imenitisha.

Kutoka hapa hadi hosteli inayofuata, ya mjane aitwaye Bi Gaddis, ni maili ishirini na saba. Katikati hakuna barabara. Hakuna gari. Hakuna simu inayoshika. Ni mgongo wa mlima ulio wazi, nyasi tupu, na kibanda kimoja cha mbao chenye kuta tatu. Tatu! Ukuta wa nne waliuacha ili dubu asipate taabu ya kubisha hodi. Kila mtu hutembea siku mbili, hulala kibandani. Nyumbani niliupita ukurasa huu nikasema nitaufikiria baadaye. Baadaye imefika.

Tena Bi Gaddis ana vitanda sita tu na hawekei mtu nafasi kwa simu. Anayewahi ndiye anayelala. Bwana Stamper amesema kuna watembeaji wanane hapa wanaoelekea huko. Na Bi Orpha ni wa tisa.

Nimekaa chooni saa nzima, ndipo pekee penye utulivu. Mpango umekuja wenyewe.

Nitatembea maili zote ishirini na saba kwa siku moja! Mtu akiwa mwepesi inawezekana. Kwa hiyo vizito vyote vitangulie kwa posta: koti, suruali nene, mfuko wa kulalia, sweta. Nimevifunga boksi moja, nimeandika jina la Bi Gaddis kwa herufi kubwa bila vimstari. Karani amesema litafika Jumatatu. Nami nitafika Jumatatu. Nitalikuta limekaa kitandani kama mke mwema.

Shanta langu sasa lina ratili tisa. Nimeruka nalo juu na chini. Kama unyoya!

Suruali nilizobakiwa nazo ni zile kaptula za Juni. Hata Verna hawezi kusema boksi lile halikuwa na kazi.

Jumamosi, 6 Aprili

Bado wale wanane wananikosesha raha. Nikichelewa kidogo tu, vitanda vimekwisha, nami sina hema, sina koti, usiku uko mlangoni. Nimeiona maiti yangu akilini mara tatu leo, mara moja nikiwa nakula chapati za maji.

Sebuleni kuna daftari la wageni ambamo watembeaji huachiana habari: kisima gani kimekauka, wapi dubu ameonekana. Watu wanaliamini kuliko gazeti. Wakati wote wako jikoni nimeandika, bila jina: "Hosteli ya Gaddis kuna ugonjwa wa kutapika. Watu wanne wameanguka. Kaeni mbali."

Nilipoliweka daftari chini jasho jembamba lilinitoka. Siyo uongo kabisa. Mahali popote duniani kuna mtu anatapika.

Jioni imefanya kazi! Kijana mmoja wa Kanada alisoma kwa sauti. Wakaanza kuonyana. Ugonjwa ule ukiingia njiani hauchagui, mtu anaweza kukauka maji katikati ya msitu. Wanane wote wamekubaliana kukaa hapa wiki nzima ijayo, au kumlipa Stamper awazungushe kwa gari. Bwana Stamper akakuna ndevu akasema ajabu, alizungumza na Bi Gaddis juzi na hakutaja kitu. Nikasema magonjwa haya huja ghafla.

Bi Orpha tu ndiye aliyeendelea kushona soksi yake. Akasema, "Miaka thelathini nimelisha watoto mia nne kila mchana. Hakuna tapishi la nchi hii lisilonijua kwa jina. Mimi nakwenda."

Mmoja! Dhidi ya vitanda sita. Hata nikitambaa nitapata.

Jumapili, 7 Aprili

Bwana Stamper amerudi kutoka kanisani akasema hapendi mawingu. Akauliza nani anaondoka kesho na ana nguo gani. Nikasema niko tayari kabisa. Akaliangalia shanta langu, akaliinua kwa kidole kimoja. Akasema, "Kaka, hiki ni kibegi cha kwendea pikiniki." Nikamweleza kwamba huu ni mfumo mpya.

Mchana nimezunguka hosteli mara kumi na moja. Nimekagua mbu. Hakuna. Nimejipaka dawa hata hivyo.

Tumbo linaniuma. Ni woga au ni Mungu ananipa ule ugonjwa nilioandika. Nimepima joto langu mara mbili. Kawaida.

Jumatatu, 8 Aprili

Alfajiri. Naondoka. Kitanda kimelia kama mbuzi nilipokuwa nashuka, lakini Bi Orpha hajageuka. Baridi ipo. Magoti yangu meupe yanaonekana gizani.

Vitanda sita! Vitanda sita! Narudia nikitembea.

Jumatano, 10 Aprili

Niko hai. Naandika hivyo kwanza.

Vidole vinaniuma kushika kalamu, lakini nataka kuandika yote kabla sijayapunguza.

Hadi saa nne asubuhi juzi mambo yalikwenda vizuri. Nilipanda haraka, nikatoa jasho, nikafurahi. Nikala biskuti nikitembea. Saa sita nilitoka kwenye miti nikaingia kwenye uwanda wa nyasi juu kabisa, na hapo upepo ukanipiga kofi. Kisha mvua. Si ya kutisha, nyembamba, ya pembeni. Baada ya nusu saa ikaanza kuchoma. Ilikuwa barafu. Kisha theluji, na sikuona tena alama nyeupe zinazopakwa kuonyesha Njia.

Nilivaa kila nilichonacho. Kilikuwa kijikoti cha plastiki na kofia ya jua.

Nimeogopa vitu vingi maishani. Nimeogopa lifti, mbwa, barua za serikali. Nilidhani naijua hofu. Sikuijua. Hofu zangu zote zilikuwa za vitu ambavyo havijatokea. Hii ilikuwa inatokea. Mapaja yalikuwa mekundu, kisha yakawa ya rangi nisiyoijua. Nilijaribu kufungua zipu ya shanta nipate chakula, vidole vikakataa, kama vya mtu mwingine. Nikajaribu kwa meno. Nikapiga kelele. Sauti ilitoka nzito, kama ya mlevi.

Na hakuna aliyekuwa njiani! Siku ya kawaida wangekuwa wanapita watu wanane nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine. Nikakumbuka walipo. Wako kwa Stamper, wanacheza karata, kwa ajili ya mistari mitatu niliyoiandika mimi. Nilijua hivyo vizuri sana. Akili ilikuwa bado inafanya kazi wakati huo.

Baadaye ikapungua. Nikakumbuka kwamba nimechelewa, na mtu akichelewa hurekebisha ratiba. Nikaketi nyuma ya jiwe, nikatoa daftari hili mfukoni mwa kaptula. Ukurasa upo, nimeutazama leo. Ni mstari mmoja mrefu unaoshuka mpaka nje ya karatasi. Mwili ukaacha kutetemeka. Nikaona joto. Nikaona raha. Nikaanza kuvua kijikoti.

Kitu kilichofuata ni kofi. La kweli, shavuni.

"We Ratiba! Fumbua macho! Kaptula? Umevaa kaptula? Nani amekuruhusu kutoka nyumbani?"

Bi Orpha. Theluji kwenye nyusi, fimbo mbili mikononi. Kumbe kitanda changu kilimwamsha, naye akaondoka saa moja baada yangu. Aliniuliza koti liko wapi. Nikamwambia liko posta. Akaniuliza mfuko wa kulalia. Posta. Hema? Nikasema sijawahi kuwa nalo. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alisimamisha hema lake kwenye upepo ule, peke yake, akilala juu yake ili lisiruke. Akanivua kila kitu chenye maji, kama mtoto. Sikuwa na nguvu za kuona aibu. Akanisukumiza ndani ya mfuko wake wa kulalia, akanivisha kofia yake, akachemsha maji akatia sukari mpaka yakawa mazito. Yeye alibaki na koti lake tu, magoti kifuani.

Kila nilipofumba macho alinifinya sikio. Akasema nisilale, niongee. Nikasema sina la kuongea. Akauliza, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Mabasi ya shule, nikasema. Akasema haya, basi namba moja linaanzia wapi?

Nikamwambia. Kona ya Mtaa wa Tano na Wolfe, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Akasema, "Halafu?" Nikamwambia. Halafu? Nikamtajia vituo vyote vya basi namba moja, kisha namba mbili, kisha namba tatu. Nilipokosea jina alinirudisha nyuma nianze tena, ingawa yeye Dayton hajafika na asingeweza kujua. Kwenye basi namba saba nilianza kutetemeka upya. Akasema asante Mungu. Nilikuwa sijui kwamba kutetemeka ni habari njema. Kwenye basi namba kumi na tisa nikalia. Kwa sababu kituo cha mwisho ni cha watoto mapacha ambao mama yao alikuwa anapunga mkono kila asubuhi, na nilimwona nilipokwenda kukagua, na sikuwahi kumwambia mtu.

Bi Orpha akasema endelea.

Hivyo ndivyo nilivyolala nje kwa mara ya kwanza maishani. Dubu hakuja. Upepo ulipiga mpaka alfajiri. Aliniambia asubuhi kwamba alikuwa na woga kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika pale ambapo mtu haogopi tena.

Jana jua lilitoka. Tulishuka maili kumi na moja tukibebana. Mimi na soksi zake mikononi, na suruali yake ya kulalia, ya maua. Karibu na chini niliteleza kwenye gogo lenye barafu, akanidaka, goti lake likajipinda. Likalia. Nililisikia. Akaniegemea, na maili mbili za mwisho nikawa mimi ninayembeba yeye. Hilo nalo naliandika, maana hakuna mwingine atakayeliandika.

Alhamisi, 11 Aprili

Tuko kwa Bi Gaddis tangu juzi. Ni mwanamke mrefu, mpole, macho yamechoka. Ametupa maharagwe, mkate wa mahindi na siagi, akatuwekea chupa za maji moto miguuni. Boksi langu lilikuwepo. Kitandani, kama nilivyotabiri!

Vitanda sita. Vinne vitupu.

Mezani Bi Gaddis akasema haelewi. Aprili huwa anarudisha watu kwa kukosa vitanda, mwaka huu wiki nzima hakuna kitu. Alipika chungu kikubwa Jumatatu, akasubiri dirishani na taa, akamwaga kwa kuku. Anajiuliza amekosea nini. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mchangamfu, labda watu hawampendi yeye.

Mkate ulinikwama. Nikakohoa. Bi Orpha akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baadaye akaniita barazani, goti lake limefungwa barafu. Alikuwa ameshika boksi langu. Akaweka kidole kwenye jina la Gaddis. Akasema herufi G hii yenye mkia kama wa nguruwe ameiona mahali. Kwenye daftari la Stamper.

Nilitaka kukana. Mdomo ulifunguka. Nikakumbuka kofi.

Nikasema ni mimi.

Akaliweka boksi chini, nikatamani anipige. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikukasirika kwa ajili yangu. Ulijifungia mlango ukiwa nje, hiyo shauri yako. Lakini yule mama amesimama dirishani na taa." Akasema nitamwambia mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, na nitampigia Stamper.

Nimemwambia. Nilitetemeka kuliko nilivyotetemeka mlimani. Bi Gaddis alifuta mikono kwenye aproni muda mrefu. Akasema, "Kumbe si mimi." Akaenda jikoni. Aliporudi aliniletea bakuli la pili la maharagwe. Nisingeweza kuadhibiwa vibaya zaidi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimempigia Stamper. Nilikusudia kusema ukweli wote. Nikasema ugonjwa umeisha.

Bi Orpha alikuwa nyuma yangu. Nikapiga tena. Nikasema ugonjwa haukuwepo na mwandishi ni mimi. Nikasikia Stamper akiwaambia wengine, kisha kelele. Yule wa Kanada ameniita neno ambalo sikulijua lakini nimelielewa.

Wanakuja wote Jumapili. Nitakuwa nimeondoka.

Daktari wa mjini amelitazama goti la Bi Orpha. Hakuna kilichovunjika. Anaweza kuendelea taratibu, lakini asibebe mzigo mzito. Nimeuliza uzito gani hasa. Akasema, kadiri unavyokuwa mwepesi ndivyo heri.

Bi Orpha ameniambia twende pamoja. Mimi! Tutatembea tunavyoweza, tutalala giza litakapotukuta, hema lake linatosha wawili wakibanana. Ana sharti moja. Hakuna mipango tena. Nimeweka mkono kifuani nikaapa. Machozi yalinitoka. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekuwa mtu mpya. Nimeamka bila kutazama ramani mpaka saa mbili.

Tunaondoka baada ya chai. Bi Orpha yuko chini anacheka na Bi Gaddis. Usiku kucha nimeliwaza lile goti. Limevimba kwa ajili yangu. Nikiwa mtu mwenye shukrani siwezi kukaa tu. Alfajiri nikalipima shanta lake kwa mzani wa jikoni. Ratili thelathini na mbili! Goti haliwezi! Na kitu kizito kuliko vyote ni nini? Hema. Ratili tano peke yake, na vyuma vyake na kamba.

Mpango haukuwa mpango. Lilikuwa wazo dogo la huruma. Hosteli inayofuata iko maili kumi na tisa, na kutoka hapa njia inateremka mara nyingi, kwenye ramani angalau. Kwa goti lililopumzika na shanta jepesi tutafika kabla ya magharibi, na hatutalihitaji hema kabisa. Posta ilifunguliwa saa mbili. Nilikuwa wa kwanza. Nimelituma hema huko mbele, nikatia na mfuko wake wa kulalia, kwa kuwa boksi lilikuwa na nafasi. Wangu nao. Karani amesema litatufikia Jumanne.

Sijamwambia. Nataka aone mwenyewe jinsi mzigo ulivyopungua, afurahi.

Mawingu yapo, lakini ni ya upande ule mwingine.

Nimesikia sasa hivi shanta likiinuliwa pale chini. Kicheko kimekatika. Anamuuliza Bi Gaddis mbona jepesi hivi. Zipu. Zipu nyingine.

Anapanda ngazi. Goti moja linaburuta, lakini anakuja haraka kuliko nilivyokadiria. Nimesukuma kabati mlangoni.

Naliona kosa langu waziwazi, nalo ni moja tu. Ningeweka mawe mahali pa hema.